Mahitaji 64, michoro 5, kila karatasi inasema lake: tunafanyaje zipatane?

#1 · Ndosho_21 · Goma · Jumatatu 19:40

Jambo wakubwa. Kuna programu inayoandaliwa kwa ushirika wa kahawa wenye vituo vya kuoshea Idjwi na Kalehe. Karatasi ni hizi: orodha ya mahitaji 64 kwa Kifaransa, mchoro wa matumizi (nani anafanya nini), mchoro wa klasi (vitu na uhusiano wake), michoro 2 ya mfuatano (ujumbe unavyofuatana) na mchoro 1 wa hali za mzigo. Kila moja ukiisoma peke yake haina shida. Ukizitandika mezani pamoja zinagombana (H ni hitaji na namba yake):

H-9: mkulima anaweza kupeleka kahawa kituo chochote. Mchoro wa klasi unampa kituo 1 tu.
H-12: mkulima analipwa siku ile ile anapoleta kahawa.
H-31: malipo yote yanaidhinishwa na meneja, ubora ukishapangwa.
H-47: pasipo mtandao, mpokeaji anaandika mzigo kwenye telefone na kuutuma mtandao ukirudi.
Mchoro wa hali: Umepokelewa, Umepimwa, Umelipwa. Idhini haimo kabisa. Kwenye mfuatano idhini imo, lakini inakuja kabla ya kupima.

Nauliza njia ya kuzipatanisha, na ya kuhakikisha bado zinapatana mwezi wa tatu wa kazi, mahitaji yakianza kugeuka. Nataka hatua. "Muwe makini" tumeshaambiwa.

#2 · Nguba · Bukavu · Jumatatu 20:05

Anza na maneno, michoro itafuata. Mradi kama huo unatembea kwa lugha tatu: mkulima na mpokeaji wanaongea Kiswahili, karatasi ni Kifaransa, majina ndani ya msimbo wa programu kwa kawaida ni Kiingereza. Kila mvuko ni fasi ya kupoteza maana.

Tazama "mzigo". Mkulima akisema mzigo, ni gunia alilobeba asubuhi. Meneja akisema mzigo, ni kahawa yote ya siku iliyochanganywa kwenye tangi. Kifaransa kina livraison (kilicholetwa) na lot (fungu), vitu viwili mbalimbali. Sasa mchoro wako unasema mzigo "umelipwa". Upi? Wa mkulima unalipwa. Wa tangi haulipwi kamwe, unauzwa. Nusu ya ugomvi wako iko hapo.

Na "kilo". Karibu kilo 5 za tunda jekundu zinatoa kilo 1 ya kahawa iliyokaushwa, bado na ganda lake. Hitaji likisema "stoki kwa kilo" bila kutaja kahawa iko katika hali gani, ripoti itakosea mara 5 na masini haitalalamika.

Fungua jedwali la safu wima 6, ndiyo kamusi ya mradi: neno la Kiswahili, la Kifaransa, jina la ndani ya msimbo, maana kwa sentensi moja, kizio, na mtu wa ushirika mwenye kuamua maana hiyo. Maneno 30 hadi 40 yatatosha. Kisha sheria moja tu: nomino isiyokuwa kwenye jedwali haiingii kwenye hitaji wala kwenye sanduku la mchoro.

#3 · Mwana_Katuba · Lubumbashi · Jumatatu 20:31

Nguba anasema kweli, lakini paka nusu. Shida si maneno, ni kuandika jambo moja fasi tatu. Idhini ya meneja iko mu H-31, iko mu mfuatano, na ilipashwa kuwa mu hali. Siku ya kurekebisha, fasi moja itasahauliwa. Njo vile inakuwaka.

Kila jambo liwe na nyumba moja. Mpangilio wa hali unakaa mu mchoro wa hali. Kanuni ya pesa inakaa mu jedwali lake. Uhusiano wa vitu unakaa mu mchoro wa klasi. Hitaji la maandishi linataja namba ya nyumba ile, halirudilie maneno.

Na michoro usiichore kwa kipanya. Andika kwa PlantUML, programu inayogeuza maandishi matupu kuwa mchoro, yaweke pamoja na mahitaji ndani ya Git, programu ya kutunza historia ya mafaili. Mtu akigeuza mshale mmoja, mstari ule unaonekana, na jina lake pia. PlantUML inaomba programu ya Java, na ile ya Graphviz kwa michoro ya klasi na ya hali. Ya mfuatano haiombi Graphviz. Yote inatembea bila mtandao.

#4 · Mwalimu_Kamalondo · Lubumbashi · Jumatatu 21:10

Ndosho, nani alichora ule mstari wa mkulima na kituo? Ikiwa ni mtu aliyelelewa na Merise, njia ya Kifaransa ya kuchora data, angalia upande wa namba kabla ya kulaumu H-9.

Kwenye mchoro wa Merise, namba inaandikwa karibu na kitu ambacho ushiriki wake unahesabiwa. (1,n) karibu na Mkulima maana yake mkulima mmoja anashiriki mara moja au zaidi. Kwenye UML, lugha ya michoro kama hii yako, namba inakaa ng'ambo: vituo vya mkulima mmoja vinaandikwa karibu na Kituo. Aliyeanza na Merise akihamia UML na kunakili namba pale pale zilipokuwa, "mkulima mmoja, vituo vingi" inageuka kuwa "kituo kimoja, wakulima wengi", na kwa macho mchoro haujaharibika hata kidogo.

Jaribio lake: soma kila mstari kwa sauti, mara mbili, kutoka kila upande, kwa sentensi nzima. "Mkulima mmoja anapeleka kwenye vituo vingapi kwa uchache? Kwa wingi? Kituo kimoja kinapokea wakulima wangapi?" Mtu wa ushirika awe amekaa karibu nawe. Mistari 15 ni sentensi 30. Nusu saa inatosha.

#5 · Birere · Goma · Jumatatu 21:44

Hakuna aliyetaja bado namna ya kuutafuta mgongano wenyewe. Mahitaji 64 yana jozi 2016. Hakuna jicho linalosoma jozi 2016 bila kuchoka. Yagawe kwa kitu yanachokigusa: makundi 8 ya mahitaji 8, kila kundi jozi 28, jumla 224. Hiyo ni kazi ya siku moja.

Kundi la malipo lifanyie jedwali la maamuzi. Masharti: mtandao upo? ubora umepangwa? kiasi kinazidi dola 200? mkulima ameandikishwa? Masharti 4 ya ndiyo na hapana yanatoa mistari 16. Kila mstari andika kitendo pamoja na namba ya hitaji linalokiamuru. Mstari wenye vitendo viwili visivyokaa pamoja ni mgongano. Mstari mtupu ni pengo. Ukiweka kistari kwa "haijalishi", mstari huo unahesabiwa 2, vistari viwili 4. Jumla ikifika 16, jedwali limekamilika.

#6 · Dada_Ibanda · Bukavu · Jumanne 07:15

Birere, kaka, hiyo ya mwisho si kweli. Jumla ya 16 inaweza kuficha mstari mmoja uliorudiwa na mwingine uliosahauliwa, zikafidiana. Jumla ikizidi au ikipungua kuna kosa, hiyo ni hakika. Ikilingana, bado hujathibitisha kitu. Panua vistari vyote, panga mistari kwa mfuatano, ndipo utafute inayofanana.

Tena ubora si ndiyo na hapana. Ikiwa kuna daraja la kwanza, la pili na "bado haujapangwa", ni majibu 3. Jedwali ni 2×2×2×3, mistari 24.

Nirudi kwenye sentensi, kwa sababu hapo Kiswahili kina mitego yake na watu hawaitaji. "Mkulima akileta kahawa" inabeba "kama ataleta" na "wakati analeta" ndani ya -ki- moja. "Wakulima wote hawalipwi": hakuna anayelipwa, ao wengine wanalipwa? "Meneja na mhasibu wanaidhinisha": lazima wote wawili, ao yeyote? "Mpokeaji anaweza kufuta": ana ruhusa, ao ana uwezo tu? Mtu wa Kifaransa akitafsiri, anachagua maana moja bila kumwambia mtu.

Alistair Mavin na wenzake wa Rolls-Royce walitoa mwaka 2009 vielelezo vitano vya sentensi, vinaitwa EARS. Kwa Kiswahili vinakaa hivi:

Siku zote: Mfumo utahifadhi uzito kwa kilo za tunda jekundu.
Tukio: Mpokeaji anapothibitisha uzito, mfumo utatoa risiti.
Hali: Muda wote mtandao haupo, mfumo utaweka risiti kwenye telefone.
Kasoro: Iwapo mzani unatoa uzito chini ya sifuri, basi mfumo utakataa kupokea.
Kipengele: Pale ambapo kituo kina mashine ya kuchapa, mfumo utachapa nakala mbili.

-Po- iwe ya tukio, "muda wote" iwe ya hali, "iwapo… basi" iwe ya kasoro peke yake. Na -ki- isiingie kabisa ndani ya hitaji.

#7 · Mama_Mabanga · Goma · Jumanne 08:02

Hiyo ya -ki- nimeipenda. Ongeza saa. "Saa mbili ya asubuhi" ni 08:00, lakini mtu mwenye haraka anaandika 02:00. Ndani ya hitaji iwe tarakimu za saa 24 peke yake.

Na hili msilipuuze: Goma na Kinshasa hazina saa moja. Sisi tuko mbele saa 1. Mzigo ulioandikwa Goma saa 00:30 ya tarehe 5, Kinshasa bado ni 23:30 ya tarehe 4. Masini ya kuhifadhi ikifuata saa ya Kinshasa, H-12 "siku ile ile" ina majibu mawili, na ripoti za mwisho wa mwezi hazitalingana. Kamusi ya Nguba iwe na neno "siku": inaanza saa ngapi, kwa saa ya wapi.

Pesa vilevile. Bei imepangwa kwa dola, risiti kwa franka. Kiwango cha kubadilisha ni cha saa ya kupima ao cha saa ya kulipa? Mzigo wa H-47 unaweza kukaa siku 2 kwenye telefone, na kiwango kimesogea. Na desimali: kwa Kifaransa 1,500 ni moja na nusu, kwa programu nyingi ni elfu moja mia tano.

#8 · Ndosho_21 · Goma · Jumanne 18:20

Aksanti wote. Mwalimu, ni kweli kabisa: namba zilikuwa upande usio wake kwenye mistari 3 kati ya 11, na ule wa kituo ni mmoja wao. H-9 ilikuwa sawa tangu mwanzo.

Jedwali la mistari 24 limejazwa. Mistari 5 ina vitendo viwili, 6 ni mitupu. Yote 5 yenye mgongano iko upande wa "mtandao haupo". Sasa tumekwama: meneja anakataa kugusa H-12, mhasibu anakataa kugusa H-31. Kamusi haisaidii hapo, wote wanaelewa maneno vilevile.

#9 · Ruashi · Lubumbashi · Jumanne 19:03

Njo fasi nilikuwa nangoja. Mnatafuta kosa la kuandika, lakini hapa hakuna aliyeandika vibaya. Watu wawili wanataka mambo mawili. Axel van Lamsweerde wa Louvain, Ubelgiji, na wenzake waliieleza mwaka 1998: mahitaji mawili yanaweza kukaa pamoja vizuri mpaka sharti moja la pembeni litokee. Hapa sharti hilo ni mtandao kukatika. H-12 na H-31 mtandao ukiwepo hazina ugomvi.

Milango ya kutokea ni michache. Kulegeza: "siku ile ile" iwe "ndani ya saa 24 tangu mtandao kurudi". Kuzuia sharti: meneja awe kituoni na kitabu cha idhini cha karatasi. Kurekebisha baadaye: mkulima alipwe sehemu mkononi, salio baada ya idhini. Ao kupanga nani mkubwa: chini ya dola 200 H-12 inashinda, juu yake H-31. Ushirika unachagua, si mwandishi wa programu.

Mpaka wachague, usifute hata moja. Andika mgongano kwenye daftari lake: namba, mahitaji yanayohusika, sharti, mwenye kuamua, tarehe ya mwisho. Tangu 1991 Robert Balzer alishaandika juu ya kuvumilia kutopatana. Ukilazimisha karatasi zipatane mapema, mtu wa masini ataamua mwenyewe na hakuna atakayejua.

#10 · Nguba · Bukavu · Jumanne 19:40

Ruashi, kuvumilia kuna mpaka. Chombo cha Marekani kilichokwenda sayari ya Mars mwaka 1998, Mars Climate Orbiter, kilipotea kwa sababu upande mmoja ulihesabu kwa ratili na mwingine kwa nyutoni, vizio viwili mbalimbali vya nguvu. Tofauti ya mara 4.45. Kizio kimoja kwenye kamusi kingekiokoa.

#11 · Mwalimu_Kamalondo · Lubumbashi · Jumanne 20:12

Nguba, kilirushwa Desemba 1998, kikapotea 23 Septemba 1999. Na mfano wenyewe unakugeukia: karatasi ya makubaliano kati ya pande mbili ilishasema vizio ni vya metriki. Kamusi ilikuwepo. Programu iliyotoa namba za msukumo haikufuata, na hakuna aliyelinganisha matokeo na hitaji lile. Hiyo ni hadithi ya kukagua.

Ndiyo maana naona jedwali la ufuatiliaji halijatajwa ipasavyo. Kila hitaji lielekeze angalau tumizi moja na jaribio moja. Kila tumizi liwe na mfuatano. Kila ujumbe kwenye mfuatano uwe operesheni (kitendo) ya klasi inayoupokea. Kila tukio kwenye mchoro wa hali liwe operesheni ya klasi hiyo hiyo, na kinyume chake: operesheni inayogeuza hali iwe tukio mchoroni. Kila hali iwe na njia ya kuingia, na ya kutoka isipokuwa ya mwisho. Idhini ya Ndosho ingekamatwa na kanuni ya nne: klasi ina operesheni "idhinisha", mchoro wa hali hauna tukio hilo.

#12 · Nguba · Bukavu · Jumanne 20:20

Nimekubali tarehe. Kuhusu kamusi sijahama: anayekagua bila kizio kilichoandikwa atalinganisha na nini?

#13 · Mwana_Katuba · Lubumbashi · Jumanne 20:55

Mwalimu, kanuni zako za ufuatiliaji ziko muzuri, lakini kwa mkono zinakufa wiki ya pili. Mu programu za kweli za UML, sawa Modelio ao Papyrus, kitu kinahifadhiwa mara moja na michoro ni madirisha ya kukitazama. Ukigeuza jina dirisha moja, linageuka mote. Kosa la bantu wengi: banaunda sanduku jipya lenye jina lile lile, pahali pa kuvuta lile la zamani kutoka kwenye mti wa kushoto, ile orodha ya vitu vyote vya modeli. Sasa kuna Wakulima wawili ndani ya modeli, macho yanaona mmoja. Fungua mti, panga kwa alfabeti, tafuta majina mapacha.

#14 · Birere · Goma · Jumanne 21:02

Lakini katika #3 ulisema PlantUML, na yenyewe haina modeli nyuma. Kila faili inasimama peke yake. Jina likikosewa herufi moja, inachora sanduku la pili bila kuuliza.

#15 · Mwana_Katuba · Lubumbashi · Jumanne 21:09

Kweli, Birere, hapo umenishika. PlantUML inakupa historia, Modelio inakupa umoja. Kwa michoro 5 minachagua historia, kiisha majina yakaguliwe na skripti fupi, programu ndogo ya mistari michache: inatoa majina yote ya faili, inayalinganisha na kamusi ya Nguba, inaorodhesha yasiyopatikana.

#16 · Kasapa · Lubumbashi · Jumatano 06:48

Jozi za Birere haziwezi kukamata mgongano wa mahitaji matatu. Kwa 64, tatu-tatu ni 41,664. Hapo mwanadamu aachie masini.

Alloy, programu ya kukagua modeli, kazi ya Daniel Jackson wa chuo cha MIT, Marekani, ni faili moja ya Java, haihitaji mtandao. Unaeleza vitu na masharti, unaipa mpaka mdogo, kwa mfano wakulima 3, mizigo 4, malipo 4, telefone 2. Inajaribu kila mpangilio ndani ya mpaka huo. Wazo ni kwamba makosa mengi yanaonekana hata kwenye mfano mdogo. Tangu Alloy 6 ya mwaka 2021 unaweza kueleza na hatua za wakati.

Kwa mahitaji ya #1, jambo la kwanza la kuiuliza ni hili: je, mzigo mmoja unaweza kulipwa mara mbili? H-47 inaruhusu telefone kutuma. Mtandao ukikatika baada ya kupokelewa lakini kabla ya jibu kurudi, telefone inatuma tena. Mizigo miwili, malipo mawili, na hakuna hitaji lililovunjwa. Dawa: telefone itoe namba ya mzigo yenyewe kabla ya kutuma, na masini kuu ikatae namba iliyokwisha kuingia. Hilo ni hitaji la 65.

#17 · Birere · Goma · Jumatano 07:30

Hitaji la 65 nalikubali kwa mikono miwili. Lakini meneja wa kituo hawezi kusoma Alloy wala kuitilia sahihi. Jedwali la mistari 24 anaweza. Karatasi ambayo mwenye mali hawezi kuisoma hailindi kitu.

#18 · Kasapa · Lubumbashi · Jumatano 07:41

Asitie sahihi kwenye Alloy. Mpe mfano uliotoka humo, kwa picha: gunia moja, risiti mbili. Huo ataukataa kwa sekunde.

#19 · Dada_Ibanda · Bukavu · Jumatano 12:10

Swali la pembeni: kwa nini tunasema "mahitaji"? Ushirika unahitaji mzani, ila unataka malipo ya siku ile ile. "Takwa" lingekuwa sahihi zaidi, na lingemkumbusha msomaji kuwa kuna mtu nyuma yake.

#20 · Mwalimu_Kamalondo · Lubumbashi · Jumatano 12:34

Takwa linafaa kwa anachosema mtu, hitaji kwa kilichokubaliwa. Tukiyatenganisha, daftari la Ruashi linakuwa la matakwa, orodha ya Ndosho ya mahitaji. Na atakayewaambia mfuate IEEE 830, kiwango cha kimataifa cha kuandika mahitaji, ile ilishabadilishwa na ISO/IEC/IEEE 29148 mwaka 2011, ikarudiwa 2018. Katika toleo la 2018 kupatana kumewekwa kwenye sifa za seti nzima ya mahitaji. Ndiyo maana kusoma hitaji moja moja hakukumwonyesha Ndosho kitu.

#21 · Ruashi · Lubumbashi · Jumatano 13:05

Basi seti ipewe tarehe. Swali la #1 la mwezi wa tatu halijajibiwa. Funga toleo: mahitaji, michoro, kamusi, jedwali, vyote chini ya alama moja ndani ya Git. Ombi la kubadilisha litaje kila karatasi linaloigusa, na lisiingizwe nusu. Kupatana kwa karatasi za tarehe mbili mbalimbali hakupimiki.

#22 · Ndosho_21 · Goma · Jumatano 20:15

Toleo la kwanza limefungwa leo. Mchoro wa hali sasa ni wa gunia la mkulima peke yake, na idhini imo kati ya Umepimwa na Umelipwa. Migongano 5 iko kwenye daftari. Ijumaa meneja na mhasibu watakaa pamoja. Niwape jedwali la mistari 24, ao mistari 5 tu kwa sentensi za Dada Ibanda?

#23 · Birere · Goma · Jumatano 20:22

Jedwali lote. Ile 6 mitupu pia ni ya kwao kujaza.

#24 · Dada_Ibanda · Bukavu · Jumatano 20:40

Sentensi 5, kila moja kwenye karatasi yake, na jina la mkulima wa mfano, kilo zake na dola zake. Mitupu 6 iletwe baada ya chai. Na usomaji uwe wa sauti, mhasibu asome takwa la meneja, meneja asome la mhasibu.